UWorld na kesi za CCS: uzoefu wangu wa kujiandaa na Step 3 nikiwa rezidenti

Nimefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari Marekani, na kwa kuwa madaktari wengi wa nyumbani wananiuliza nilisomea nini, nayaweka yote hapa. Udaktari nilisomea Muhimbili, sasa niko rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa kazini, ya magonjwa ya ndani huku Marekani. Nitaongelea vitu viwili: benki ya maswali ya UWorld, ambayo niliilipia, na kesi za mazoezi za bure zinazotolewa na USMLE wenyewe, wenye mitihani hiyo.

Kwa asiyeufahamu mtihani huu: ni wa mwisho katika safari ya leseni, unafanyika ndani ya Marekani na maeneo yake tu, na unachukua siku mbili. Siku ya kwanza kuna maswali 232 katika bloku sita za dakika 60. Siku ya pili maswali 180, bloku sita za dakika 45, halafu kesi 13 zinazoitwa CCS, ambapo unamtibu mgonjwa wa kuigiza kwenye kompyuta, kila moja dakika 10 au 20. Anayetaka kufanya rezidensi kwa viza ya kazi ya H-1B lazima awe ameufaulu kabla. Sisi wa J-1, viza ya mafunzo, wengi tunaufanya tukiwa tayari kazini. Na kazi yenyewe mnaijua. Rezidenti anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na kuna miezi ambayo saa hizo zinafika kweli. Kwa hiyo kitu cha kusomea nilikipima kwa jambo moja tu: mtu aliyetoka zamu ya usiku anaweza kukitumia?

UWorld inatumika. Unaweza kujipangia bloku ndogo ya maswali kumi, ukaifanya kwenye simu wakati unasubiri majibu ya maabara, na jioni ukarudi kusoma maelezo kwa utulivu. Uzito wake uko kwenye hayo maelezo. Hayakuambii tu kwamba B ndiyo sahihi. Yanakuonyesha kwa nini A, C na D hazimfai mgonjwa huyu, na zingemfaa mgonjwa wa namna gani. Nilikuwa nikijibu sawa na bado naondoka na jambo jipya.

Sisi tuliosomea nyumbani tuna nguvu zetu. Kifua kikuu, malaria kali, selimundu, moyo ulioshindwa kazi, hayo tumeyaona wodini kwa macho, hatukuyasoma kwenye picha. Ila kuna eneo ambalo kwetu ni jipya na Step 3 inaliuliza bila kuchoka: kumchunguza mtu ambaye haumwi. Mwanamume wa miaka 67 aliyewahi kuvuta sigara, amekuja kliniki kwa ajili ya presha tu. Unampima nini zaidi? Jibu ni ultrasaundi ya tumbo, mara moja, kuangalia kama mshipa mkuu wa damu umetanuka, na hiyo ni kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta. Utumbo mpana unaanza kuchunguzwa saratani mtu akiwa na miaka 45. CT ya mapafu ya mionzi midogo, nayo ya kutafuta saratani, ni ya miaka 50 hadi 80, kwa aliyevuta walau pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, au kiasi kinacholingana na hicho, na bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15. Kwetu mgonjwa anakuja akiwa ameshaumia, kwa hiyo mambo haya hayakai kichwani yenyewe. UWorld iliyarudia kwa sura tofauti tofauti hadi yakakaa, na leo nayatumia kliniki kila wiki. Hilo peke yake nalihesabu kuwa thamani ya pesa yangu.

Takwimu nazo msizipuuze, hasa siku ya kwanza. Unawekewa muhtasari wa utafiti au tangazo la dawa, kisha unaulizwa matokeo yake yana maana gani kwa mgonjwa uliye naye. Hapa dawa ni kufanya maswali mengi tu.

Nililipia pia kozi moja ya video, ambayo jina lake naliacha. Mihadhara ilikuwa mirefu, na sehemu kubwa ilirudia mambo ya Step 2, mtihani unaotangulia huu. Mtu mwenye miezi mitupu labda itamfaa. Rezidenti hapana.

Sasa CCS, ambako ndiko hasa nilitaka kufika. Dada mmoja Mkenya, rezidenti wa mwaka wa tatu, aliniambia mapema: "Mdogo wangu, ugonjwa utaujua. Kinachowashinda watu ni ile kompyuta." Alisema kweli. Hakuna majibu ya kuchagua. Unapewa mgonjwa, unaandika maagizo mwenyewe, na unasogeza saa mwenyewe. Usipoisogeza, majibu ya vipimo hayaji. Ukiisogeza sana kabla ya kutibu, mgonjwa anazidiwa.

Chukua kijana wa miaka 22 aliyeletwa idara ya dharura anatapika, anapumua kwa kasi, na tumbo linamuuma. Kabla ya kumpima mwili kwa kirefu, unaandika: oksijeni ya damu, mshipa wa dripu, sukari ya kidole, elektrolaiti, gesi za damu, ketoni, ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Dripu ya chumvi inaanza hapo hapo. Unasogeza dakika chache, sukari inakuja juu sana: ni ketoasidosisi, dharura ya kisukari. Insulini inasubiri potasiamu, kwa sababu ikiwa chini sana lazima uirudishe kwanza. Ikiwa salama unaanza insulini ya mshipani, unamhamishia ICU (wodi ya mahututi), unaagiza sukari kila saa na elektrolaiti kila baada ya saa chache. Sukari ikishuka chini ya 250 mg/dL unaongeza dekstrozi, insulini inaendelea. Kesi inapokaribia kuisha unapewa dakika mbili za maagizo ya mwisho, na hapo ndipo mahali pa elimu ya kisukari, jinsi ya kujichoma insulini, na ushauri wa kuacha sigara kama anavuta. Wodini mambo haya tunayafanya bila kufikiri. Kwenye kompyuta kila moja lazima vidole vikumbuke.

Kesi za bure za USMLE nazipenda kwa sababu skrini yake ndiyo ile ile ya siku ya mtihani. Unajifunza kitufe kiko wapi, na kwamba ukiandika herufi chache za mwanzo za agizo unapewa orodha ya kuchagua. Kesi za UWorld zikaniongezea wingi, na mwisho wa kila kesi unaonyeshwa agizo lipi lilitakiwa na kwa wakati gani. Fanyeni zote mbili, mkianza na za bure.

Kuhusu pesa: ada ya mtihani peke yake inapita dola 900, kabla hujalipia kitu cha kusomea. Programu nyingi za rezidensi hutenga fedha za elimu kwa kila rezidenti, kwa hiyo muulize mratibu wa programu yako kabla hujatoa mfukoni, na utunze risiti. UWorld chukua ya muda mfupi, uianze ukiwa kwenye mzunguko wa idara ulio mwepesi. Usiinunue ukiwa unaingia mwezi wa ICU, siku zitakwisha hujaifungua.

Alama ya kufaulu ilipanda kutoka 198 hadi 200 Januari 2024, na kila Step ina ukomo wa majaribio manne, kwa hiyo ushauri wa "nenda tu, Step 3 ni rahisi" mimi siutoi kwa mtu. Siku mbili za mtihani hazilazimiki kufuatana. Mimi niliacha nafasi katikati na nikaitumia kwa kesi za CCS peke yake, na ningepanga upya ningepanga hivyo hivyo.