Kumfunza rafiki kuvua besi Naivasha: ukingoni au botini?

Besi mdomo-mpana, samaki aitwaye largemouth bass kwa Kiingereza, si mwenyeji wa Ziwa Naivasha. Aliletwa kutoka Marekani enzi za ukoloni. Hupenda kujibanza penye kivuli, pembezoni mwa mafunjo na magugu maji, akivizia samaki wadogo na kamba. Ndiyo maana wengi hudhani ukingoni panatosha.

Kwa gharama, ukingo hauna mpinzani. Rafiki yako atajifunza kurusha mshipi akiwa amesimama imara, na akichoka anakaa. Lakini kila mrusho wa mwanagenzi huishia kwenye mafunjo, nawe unashinda ukifungua mafundo na kufunga ndoana mpya. Kisha kuna kiboko. Ziwa hili lina viboko wengi, na hutoka majini kula nyasi jioni hadi alfajiri, saa zilezile besi anapochangamka. Akiwa katikati ya kiboko na maji, rafiki yako hana pa kukimbilia.

Boti huligeuza zoezi: mnakaa kwenye maji wazi na kurusha kuelekea mafunjo, chambo kikianguka pembeni mwake. Nahodha mwenyeji anajua viboko walipo. Kukodi kuna bei yake, na mchana upepo hupanda, mawimbi yakamtapisha asiyezoea.

Mimi ningelipa boti, asubuhi tu, jua likishachomoza, kila mtu na jaketi lake la kujiokolea. Kurusha mshipi mfanyie mazoezi nyumbani uwanjani, bila ndoana. Majirani watacheka, waache.