Kopa 5 au dabo, wapinzani wakishafika shupaza 4
Hii kwenye bridge, ule mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, inanisumbua kila siku: mwenzio kaanza na kopa, kwa pamoja mnazo kopa 10, wapinzani wana shupaza 9 na washapanda mpaka 4 (yaani wanaahidi kushinda triki, mizunguko ya karata, 10 kati ya 13), sasa we unaenda kopa 5, ambayo ni triki 11, au unapiga dabo, yaani unawaambia hawafikishi na pointi zinapanda? Hesabu ya haraka haraka, jumlisha turufu za pande zote, 19, na triki kwa kawaida zinakuja hapohapo karibu na 19, yaani wao wakipata 10 kwa turufu yao nyie mnapata 9 kwa yenu, kopa 5 ikipigwa dabo inaanguka kwa 2. Kama wao tu ndo valnerabo (upande ambao zawadi na adhabu zake ni kubwa zaidi) mnalipa pointi 300 badala ya kuwapa 620, safi kabisa. Ila mkiwa nyie tu ndo valnerabo mnalipa 500 kuokoa 420, hapo si umejichoma mwenyewe?

Dabo mi napiga nikiwa na mfalme na ghulamu wa shupaza nyuma ya aliyezitaja, kopa zikiwa turufu, karata hizo hazina kazi. Nikiwa na shupaza moja tu, napanda. Dabo ya hasira hapana aisee, wakifikisha ile 420 inakuwa 590.