Vitabu vitatu vya algoriti, na kilichobaki mezani kwangu

Nafanya kazi saiba hapa Langoni, Lamu, na usiku nasomea shahada ya kompyuta kwa masafa. Muhula uliopita ulikuwa wa algoriti, yaani hatua za kufuata moja moja ili kutatua tatizo kwa kompyuta. Orodha ya vitabu tuliyopewa ilikuwa ndefu, na mimi pesa zangu zilitosha kitabu kimoja tu. Naandika haya kwa aliye katika hali hiyo sasa.

Nilianza na kile kinachotajwa na kila mtu, Introduction to Algorithms cha Cormen, Leiserson, Rivest na Stein. Toleo lake la kwanza ni la 1990, la nne ni la 2022. Mimi nilipata la tatu, la 2009, lililokwisha kutumika, kwa muuzaji mmoja wa Mombasa. Kilikuja kwa basi mpaka Mokowe, kikavuka kwa boti ndani ya mfuko wa unga, nami nikakipokea gatini kwa furaha isiyo kifani. Kina kurasa zaidi ya 1,200. Nilipofika wiki ya saba nikafungua sura ya 24, ya njia fupi kuliko zote, nikakuta haipo. Imekatwa kwa wembe, vipande vya kingo vimebaki kwenye mshono. Muuzaji alisema hakukagua, na pesa hakurudisha. Ukinunua kitabu cha namna hiyo, mwambie mtu akupigie picha ya kurasa za katikati, maana jalada halikwambii kitu.

Hilo ni la muuzaji, si la kitabu. Kitabu chenyewe nakiheshimu sana. Mwanzoni tu kinakuonyesha kupanga namba jinsi mtu anavyopanga karata mkononi, na papo hapo kinakutaka uthibitishe kwamba utaratibu huo hauwezi kukosea. Hakuna mwalimu aliyewahi kunidai hivyo. Lakini msimbo wake si wa lugha yoyote ya kompyuta, na katika toleo hilo safu, yaani orodha za data, zinahesabiwa kuanzia 1, ilhali Python, lugha ninayoandikia programu, inaanzia 0. Mtu mzoefu hajali. Mimi nilikesha siku mbili natafuta kosa ambalo lilikuwa hiyo moja tu iliyozidi.

Cha Sedgewick na Wayne, toleo la nne la 2011, nilikiazima kwa wiki mbili. Msimbo wake ni wa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na ukiunakili unakimbia. Tovuti yao ina muhtasari mzuri wa kitabu, bila malipo. Kama hujawahi kuandika miundo ya kupangia data, kama foleni, rafu au mti, kwa mkono wako mwenyewe, anza hapo, usijisumbue na kwingine.

Kilichobaki mezani ni cha Jeff Erickson wa Chuo Kikuu cha Illinois, kinaitwa Algorithms tu, cha 2019. PDF yake anaitoa bure yeye mwenyewe, na leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa mradi umtaje mwandishi. Kwa mtu wa saiba hili si dogo: nilichapa sura ya 8 peke yake, ya njia fupi, mada ile niliyonyang'anywa na wembe, bila kumwibia mtu yeyote.

Nilikuwa tayari nimeiona kwenye video algoriti ya Dijkstra, ya kutafuta njia fupi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Aliifikiria 1956 akiwa mkahawani Amsterdam, akaichapisha 1959. Hatua zake nilizikariri, lakini sababu sikuwa nayo. Nikachukua karatasi ya manila nikamfuata ami yangu, ambaye ni nahodha.

“Ami, ukitoka hapa kwenda Mtangawanda unapita wapi?”

“Hayo waulize maji, mwanangu. Yakiwa yamejaa, Mkanda. Yakiwa yametoka, ama usubiri ama uzunguke Manda kwa nje.”

Mtangawanda ni gati la kisiwa cha Pate, na Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara. Akanipa dakika kwa makadirio ya boti lake. Lamu hadi Shela 15. Lamu hadi lango la Mkanda 45. Shela hadi Mtangawanda kwa nje, 180. Lango la Mkanda hadi Mtangawanda, maji yakiwa yamejaa, 75. Nikaandika Lamu sifuri na kwingine kote alama ya isiyo na mwisho, maana njia yake bado haijapatikana. Pa karibu zaidi ni Shela, 15, nikapafunga, yaani namba yake haibadiliki tena. Kutokea hapo Mtangawanda ikapata 195. Panapofuata kwa ukaribu ni lango la Mkanda, 45, nikapafunga. Arubaini na tano ukijumlisha sabini na tano ni 120, ndogo kuliko 195. Nikafuta 195, nikaandika 120.

Kule kufuta ndiko algoriti yenyewe. Erickson anaiita njia kama ile iliyonifanya nifute, njia iliyokaza, mithili ya kamba, na kazi ni kutafuta zilizokaza na kuzilegeza moja moja hadi isibaki hata moja. Dijkstra, na Bellman na Ford wenye algoriti nyingine ya njia fupi, wote kwake wanafanya kazi hiyo hiyo. Wanachotofautiana ni kamba ipi ilegezwe kwanza. Nilikuwa nimezisoma kama algoriti mbalimbali, nikizikariri kila moja kivyake. Ukurasa ule nilirudia kuusoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama kitini.

Ami akaiangalia ile manila, akaweka kidole kwenye 75. “Na bamvua yakiwa yametoka? Mkanda hapo ni tope na mikoko.”

Swali hilo ndilo lililonionyesha thamani ya kitabu. Dijkstra anataka namba za njia ziwe zimejulikana na zisiwe chini ya sifuri, na hii yetu inabadilika kwa saa. Kwa kuwa nilishajua kwa nini mahali palipofungwa hapafunguliwi tena, niliweza kulifuatilia. Panafungwa kwa sababu hakuna mzunguko wowote mwingine utakaokufikisha hapo mapema zaidi. Sasa, boti lililofika kwenye lango la Mkanda saa nne na lililofika saa tano yote yatasubiri maji yale yale. Aliyechelewa hampiti aliyetangulia. Basi sharti halijavunjika. Badala ya kuandika dakika za njia, unaandika saa ya kufika, na muda wa kungoja maji unauhesabu ndani yake. Niliandika programu yake kwa Python siku mbili baadaye, nikaipa saa ya kujaa maji ya siku tatu tofauti. Siku mbili ilichagua kusubiri, siku moja ikachagua kupita nje. Ami alisema ile ya nje asingeipita wakati wa kusi hata kwa pesa. Mawimbi sikuwa nimeyaandika popote.

Kasoro za kitabu hiki zipo. Mazoezi ni mengi na mazuri, lakini majibu hakutoi. Ukiwa peke yako unaweza kukaa wiki na jibu baya ukidhani umepata. Anachukulia pia kwamba miundo ya msingi ya data unaijua tayari. Na ana mzaha mwingi wa Kimarekani. Kiingereza changu ni cha shule, nikikutana na sentensi kama hizo nasimama kutafuta maana, kumbe hazina uhusiano na hoja. Sasa nazipita tu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, tafuta sura ya njia fupi katika kila kitabu unachokifikiria, isome hiyo tu, halafu ujaribu kuichora kwa njia za kwenu. Kilichokuwezesha kujibu swali ambalo hakikuliuliza ndicho chako. Kwangu kilikuwa hiki. Kile cha Cormen sikukiuza, kipo rafuni pamoja na pengo lake, nakifungua nikitaka uthibitisho kamili wa kitu. Sura ya 10 ya Erickson, ya mtiririko, naichapa Jumamosi. Mwanafunzi mwenzangu wa Mkomani ameomba nakala mbili, moja ya dadake.