Godbolt kwa wanaovurugwa na const, pointa na arei za C

Jina lake kamili ni Compiler Explorer ila kila mtu anaiita Godbolt, aliyeianzisha mwaka 2012 ni Matt Godbolt na anwani yake ni godbolt.org. Ni bure, hujisajili wala hudaunlodi kitu, unafungua brauza unaandika kodi upande mmoja, upande wa pili inakutolea asembli (maagizo ya prosesa yaliyotokana na kodi yako) papo hapo. Wengi wanaitumia kuchunguza spidi ya kodi zao, mi nimeipendea kitu kingine kabisa, kumwelewesha mtu const (neno la kukataza kitu kisibadilishwe) na arei (safu ya thamani zilizopangana) za lugha ya C, na hapo noti za darasani haziifikii.

Chukua const int *p na int * const p, zote p ni pointa, yaani kigeu kinachobeba anwani ya kitu kwenye memori. Utaambiwa soma kutoka kulia kwenda kushoto, sawa ni kweli, ila siku ya mtihani wangapi wanakumbuka? We andika zote mbili halafu jaribu *p = 5; kisha p = &y; (y ni int nyingine, &y ni anwani yake). Kwenye ile ya kwanza GCC (kompaila, programu inayogeuza kodi yako kuwa ya mashine) inagomea *p, inasema "read-only location", yaani kilichopo huko hukigusi kupitia p ila p yenyewe ihamishe utakavyo. Ya pili kinyume chake, *p = 5 inapita kimya, p = &y inagonga "read-only variable". Erori mbili tu umeshaelewa.

Sasa kuna hii kauli imezagaa kwamba jina la arei ni pointa ya const. Sio kweli bana. Andika int a[10]; uchapishe sizeof a (ukubwa wake kwa baiti), unapata 40, wakati pointa ingekupa 8. Na ukilazimisha a = b; GCC hata haitaji read-only, inasema "assignment to expression with array type", tatizo ni aina yenyewe, const haipo hapo. Kinachochanganya watu ni kwamba sehemu nyingi arei inajigeuza anwani ya kipengele chake cha kwanza, ndo maana ukiandika void f(int a[10]) ile 10 haina kazi, mle ndani a ni pointa ya kawaida tu, sizeof inakuwa 8, hata a++ inakubali, na kompaila inakuonya kuhusu hiyo sizeof bila kuombwa. Ukitaka isihamishwe, tangu C99 unaweza kuandika int a[const 10], wachache sana wanaijua hii.

Utamu wenyewe sasa ni char *s = "habari"; na char s[] = "habari";. Weka s[0] = 'H'; kwenye zote, kwa C zinakompailika bila kelele. Fungua dirisha la kuendesha programu (usiweke -O2, swichi ya kuifanya kodi iwe na kasi, inaweza kuufuta huo mstari), ya kwanza inakufa na SIGSEGV (umegusa memori usiyoruhusiwa), ya pili inafanya kazi vizuri. Kwa nini? Angalia asembli: kwenye ya kwanza "habari" imehifadhiwa pembeni chini ya lebo kama .LC0 na s imepewa anwani tu, kwenye ya pili herufi zimemwagwa kwenye steki (memori ya muda ya funksheni), baiti 7 ukihesabu na ile sifuri ya mwisho, nakala yako mwenyewe fanya unachotaka. Ukiongeza swichi ya -Wwrite-strings ndo GCC inaanza kukuonya kuhusu ile ya kwanza.

Kasoro zipo. Ukiifungua inakuja na C++, usipobadilisha kuwa C utapata erori tofauti na za kitabu chako na utachanganyikiwa bure. Kwenye simu madirisha yanabanana mpaka kero. Haina dibaga ya kutembea mstari kwa mstari, bando likikata ndo basi, na kodi yako inakompailiwa kwenye seva zao kwa hiyo za ofisini usibandike huko.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa sababu ya simu. Kitufe cha Share kinakupa linki fupi, mwenzako akikwama kwenye grupu la WhatsApp mtupie hiyo badala ya picha ya skrini.