Mashine ya alama za vidole katika chuo cha ufundi: inunuliwe, ila si kwa kuifunga getini

Chuo cha ufundi stadi kikichoshwa na utoro, mara nyingi kitu cha kwanza kununuliwa ni mashine ndogo ya ukutani ya kuweka kidole. Ni kifaa kizuri. Kinakomesha mchezo mmoja ulioshindikana miaka yote: mwanafunzi mmoja kusainia wenzake watano. Kadi hazikuuweza, kwa sababu kadi nne zinaenea kwenye mfuko mmoja wa suruali. Chuo chenye wanafunzi 200 na zaidi kitaona faida. Chenye wanafunzi 60 kina nafuu zaidi ya kubaki na rejesta ya karatasi na mwalimu anayeita majina.

Shida kubwa ni vidole vyenyewe, na muuzaji hataitaja. Mashine hizi zimezoea mikono ya ofisini. Mwanafunzi wa uashi anashika saruji mbichi, nayo ina ukali wa magadi unaokausha na kula ngozi mpaka mistari ya kidole inafifia. Wa ufundi magari anakuja na grisi, wa uchomeleaji ana makovu ya cheche. Mashine inakataa mara tatu, foleni inarefuka, mwalimu anaamua kuandika majina pembeni, na baada ya muda karatasi imerudi kazini huku mashine ikining'inia ukutani.

Kwa hiyo usajili ufanyike wiki ya kwanza ya muhula, kabla mikono haijachakaa. Kila mwanafunzi asajiliwe vidole vitatu, na kimoja kiwe cha pete au cha mwisho kwenye mkono asioufanyia kazi, maana hivyo huchakaa kidogo. Kidole kilale bapa katikati ya kioo. Ncha peke yake haitoshi. Pawe na ndoo ya maji, sabuni na kitambaa kikavu jirani, na kioo kifutwe kila asubuhi. Wachache ambao vidole vimegoma kabisa wapewe namba ya siri, lakini wabonyeze mbele ya mwalimu, la sivyo kusainiana kumerudi kwa mlango wa nyuma.

Mashine ikifungwa getini, inahesabu waliopita getini tu. Mtoro mzoefu anaweka kidole saa 1:30 asubuhi, anakunywa chai kantini, kisha anaondoka kwenda kibaruani. Ifungwe mlangoni mwa karakana na kidole kiwekwe mara mbili: asubuhi, na tena baada ya chakula cha mchana. Mtu mmoja huchukua sekunde 3 hadi 4 mambo yakienda sawa, hivyo wanafunzi 200 kwa mashine moja ni zaidi ya dakika 10 za kipindi zimekwenda. Kwa wanafunzi 80 kwa mashine, foleni inavumilika.

Wakati wa kununua, ulizia betri ya akiba na njia ya kutoa taarifa kwa flashi, kwa maana intaneti hukatika. Saa ya mashine ikaguliwe kila Jumatatu, hasa baada ya umeme kukatika muda mrefu. Ikiwa nyuma kwa saa moja, darasa zima linaonekana limewahi. Mashine huandika 07:30 pale sisi tunaposema saa 1:30, na anayeandaa ripoti bila kulizingatia hilo atachanganya kila kitu. Namba ya usajili yenye herufi na mikwaju mara nyingi haikubaliki, hivyo andaeni mapema orodha inayolinganisha namba ya mashine na namba ya chuo.

Sasa kazi yenyewe. Mashine haimrudishi mtoro, simu ndiyo inayomrudisha. Ripoti itolewe kila siku kabla ya saa 5 asubuhi, na aliyekosekana siku mbili mfululizo mlezi wa wanafunzi ampigie, kisha apige nyumbani. Sababu iandikwe kwa neno moja: nauli, ada, ugonjwa, kibarua, mtoto. Baada ya mwezi, panga majina kwa sababu na kwa siku. Nauli na ada zinataka mazungumzo ya malipo, na barua ya onyo haitasaidia kitu hapo. Na utoro ukijaa siku za vitendo, kagueni karakana kwanza. Wanafunzi 30 kwa mashine 2 za kuchomelea maana yake 28 wamesimama wakitazama, na hao ndio watakaokosekana kesho.

Kuna sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Alama za vidole ni taarifa nyeti, kwa hiyo wanafunzi waelezwe zinachukuliwa kwa nini na nani anaziona, na neno la siri la msimamizi lililokuja na mashine libadilishwe siku hiyohiyo ya kufunga. Aliyehitimu afutwe, orodha ikiwa fupi, mashine pia hutambua haraka zaidi.