Vortex Crossfire II 2-7x32 Rimfire: darubini ya .22 isiyochosha jicho

Anayetafuta darubini ya kwanza ya bunduki ya .22 (ya risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22) mara nyingi huuliza mambo mawili tu: inakuza mara ngapi, na bei yake ni kiasi gani. Ndipo bunduki nyepesi inapofungwa darubini ndefu ya 4-16x50 (inayokuza mara 4 hadi 16, yenye lenzi ya mbele ya milimita 50), pete zinazoishika zinakuwa ndefu ili lenzi ya mbele isiguse mtutu, na mpigaji anainua kichwa mpaka kidevu ndicho kinachokaa kwenye kitako badala ya shavu. Picha inacheza, kivuli cheusi kinaingia pembeni, na baada ya nusu saa shingo imechoka. Kwa kazi za .22, yaani shabaha za mita 20 hadi 100 na wanyama wadogo, kinachotakiwa ni darubini fupi, inayokaa chini, inayokubali jicho bila kubembelezwa. Crossfire II ya 2-7x32 ni mojawapo ya zile za bei nafuu zinazotimiza hayo, mradi ununue ile iliyoandikwa Rimfire, yaani ya bunduki za .22, ambazo risasi zake hupigwa ukingoni mwa ganda.

Neno hilo lina uzito kwa sababu ya paralaksi. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, ielekeze kwenye shabaha, usiiguse, kisha sogeza kichwa polepole juu na chini ukitazama ndani ya darubini. Ukiona msalaba wa kulengea unatembea juu ya shabaha ilhali bunduki haijasogea, hiyo ndiyo paralaksi. Darubini nyingi za bunduki kubwa hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100, kama mita 91. Ukiipeleka ya namna hiyo yadi 50 ikiwa na lenzi ya milimita 32, jicho lililokaa ukingoni kabisa mwa picha linaweza kukukosesha kwa milimita 8 hivi. Kwa yadi 25 ni kama milimita 12. Kosa hilo ni la darubini peke yake, kabla hujahesabu mkono wala risasi. Crossfire II Rimfire imewekwa yadi 50, hivyo kwa umbali huo kosa linakaribia kwisha. Kwa yadi 25 linabaki, lakini ni dogo, na jicho likikaa katikati hulioni. Leupold VX-Freedom 2-7x33 Rimfire imewekwa yadi 60 na ni nyepesi zaidi. Ni chaguo zuri kwa mwenye uwezo wa kuongeza fedha.

Sasa jicho. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji upate upana wa mwanga unaotoka nyuma: 32 kwa 7 ni milimita 4.6, na kwenye 4 ni milimita 8. Mboni ya mtu mchana huwa ndogo kuliko hapo, kwa hiyo kichwa kina nafasi ya kukosea kidogo bila picha kupotea. Nafasi kati ya jicho na lenzi ya nyuma ni kama sentimita 10, na hiyo inamfaa hata anayevaa miwani. Kwenye ukuzaji wa 7 darubini inakuwa na masharti zaidi kuliko kwenye 2, jambo ambalo utalihitaji wakati wa kufunga.

Vioo ni safi kwa bei yake. Kwenye 7 unaona tundu za risasi kwenye karatasi nyeupe mita 50. Zikiangukia sehemu nyeusi ya shabaha zinapotea, basi tumia karatasi yenye duara jeusi dogo. Msalaba wake hauna alama za kushuka kwa risasi, na nobu za kurekebishia zimefunikwa vifuniko. Anayependa kuzungusha nobu kila anapobadili umbali atafute nyingine. Anayerekebisha kwa umbali mmoja na kuiacha hapo atafurahi, kwa kuwa hakuna kitakachosogezwa na begi au kichaka. Uzito wake, takriban gramu 400, unasikika kwenye bunduki nyepesi sana, na hilo ndilo tungependa lipunguzwe.

Kabla ya kununua pete, angalia mgongo wa bunduki. CZ 457 ina mifereji miwili iliyoachana milimita 11, bunduki nyingi za Marekani zina mifereji ya inchi 3/8, na Ruger 10/22 huja na kipande cha reli kinachofungwa kwa skrubu nne ndogo. Pete nyingi huuzwa kwa maelezo kwamba zinashika 11 na 3/8 zote. Usiamini maandishi. Zifunge kidogo, kisha tazama kutoka nyuma kama meno yameingia ndani ya mfereji pande zote mbili au yameuma ukingo wa juu tu. Yakiuma ukingo, zitateleza hata kwa teke dogo la .22. Bomba la darubini hii ni inchi 1, yaani milimita 25.4, kwa hiyo pete za milimita 30 hazifai hata ukiziwekea utepe ndani. Chagua pete fupi kuliko zote zinazoacha uwazi kati ya lenzi na mtutu, na ujaribu mkono wa komeo (kipande kinachofunga chumba cha risasi): uinue mpaka mwisho uone kama unagonga sehemu ya jicho ya darubini.

Toa risasi, toa kasha la risasi (magazini), fungua komeo utazame chumba kwa macho. Futa mifereji na ndani ya pete kwa kitambaa chenye spiriti. Mafuta ya kiwandani ndiyo chanzo cha darubini nyingi kuhama. Funga nusu za chini za pete, laza darubini, weka nusu za juu huku skrubu zikiwa zimelegea kiasi cha bomba kuteleza.

Weka ukuzaji kwenye 7. Fumba macho, pachika kitako begani, laza shavu mahali linapojisikia vizuri, kisha fumbua. Kama kuna kivuli cha duara, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Rudia ukiwa umelala kifudifudi, kwa maana ukilala kichwa husogea mbele, kisha ukiwa umekaa. Chagua mahali panapokubali mikao yote. Ikiwa picha inajaa tu unapoinua shavu kutoka kwenye kitako, tatizo ni kimo cha kitako, na kusogeza darubini hakutakusaidia: funga kipande cha sponji ngumu juu ya kitako, ukikaze kwa kitambaa cha lastiki, uongeze unene kidogo kidogo. Vitako vingi vya .22 vimechongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma vilivyo chini, na sponji hiyo ya bei ya chini huleta raha kuliko kubadili darubini.

Kunyoosha msalaba kunataka subira. Isimamishe bunduki imara, weka pimamaji dogo juu ya mifereji, kisha tundika uzi wenye kitu kizito mita 20 mbele na uulinganishe na mstari wa wima wa msalaba. Unapokaza, zungukia skrubu kwa kuvukana, robo mzunguko kila moja, ukihakikisha mwanya wa pete ni sawa kushoto na kulia. Ukimaliza upande mmoja kwanza, pete hulizungusha bomba na msalaba unalala. Kipimo kinachoshauriwa na Vortex kwa skrubu za juu ni pauni-inchi 15 hadi 18, karibu nyutoni-mita 1.7 hadi 2. Asiye na bisibisi ya kupima aingize mkono mrefu wa ufunguo wa L kwenye skrubu na kukaza mkono mfupi kwa vidole viwili. Usitie gundi kwenye skrubu za juu: inalainisha nyuzi, na kipimo kilekile kinakaza zaidi ya kiasi hadi kubana bomba. Bomba lililobanwa hufanya gurudumu la ukuzaji kuwa gumu au nobu kutojibu.

Lenzi ya jicho irekebishwe kwa kutazama ukuta mweupe kwa sekunde mbili tu kila mara. Ukikaza macho muda mrefu, jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya.

Kwa bunduki ya komeo, toa komeo, tazama duara jeusi la shabaha ya mita 25 kupitia ndani ya mtutu, kisha ulete msalaba hapo bila kusogeza bunduki. Kwa 10/22, ambayo huwezi kuchungulia kwa nyuma, anza na karatasi kubwa mita 10. Kila kliki ya nobu ni robo ya MOA (MOA ni sehemu ya sitini ya digrii): milimita 1.8 kwa mita 25, na 3.6 kwa mita 50. Kundi likiwa sentimita 5 kushoto kwa mita 25, geuza kliki 28 kwenda kulia. Piga risasi tano, rekebisha kwa katikati ya kundi, usifukuze tundu moja. Kwa mita 25 acha kundi liwe kama sentimita 1 juu, kisha umalizie mita 50. Ukiwa umerekebisha kwa mita 50, tarajia risasi kushuka karibu sentimita 20 ukifika mita 100, zaidi kwa risasi za kasi ya kawaida, pungufu kwa za kasi kubwa.

Fanya kazi hiyo yote kwa aina moja ya risasi. Bunduki ya .22 huhamisha kundi pindi unapobadili chapa, na wengi hulaumu darubini isiyo na kosa. Baada ya risasi 50 za mwanzo, gusa tena skrubu zote kwa kipimo kilekile, ukianza na zile za reli chini ya pete, kwa kuwa zikilegea hizo, hakuna kliki itakayokaa mahali pake.