Skuta ya kukodi Malindi, na helmeti iliyofungwa kwa uzi wa nyavu

Nilijiapiza nisiandike chochote mpaka hasira zishuke. Hazijashuka, kwa hiyo naandika. Jina la duka silitaji, maana kuna mtu mmoja pale ambaye sitaki apoteze kazi kwa sababu yangu. Nitamfikia.

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za wageni upande wa Casuarina. Wengi wao ni Wataliano, na baadhi wamekaa Malindi miaka mingi, Kiswahili wanakiongea bila kukwama. Gesi ikiisha wananipigia mimi. Nge akiuma, mimi. Kibali cha kukaa nchini kikikaribia kwisha, ni mimi wa kukumbusha. Skuta ya mtu ikiharibika, mimi ndiye ninayekwenda kumkodia nyingine, na duka hili nimelipelekea wateja tangu lilipofungua milango. Ndiyo maana limeniuma namna hii.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, mji umejaa. Mzee mmoja ninayemtunzia nyumba, umri wake unakaribia sabini, skuta yake ilikuwa kwa fundi ikisubiri spea. Alitaka kwenda Watamu kumjulia hali rafiki yake mgonjwa. Tukaenda dukani pamoja. Kijana wa kaunta akatoa skuta safi, tairi mpya, breki zinashika. Kwa skuta yenyewe sina neno.

Halafu akatoa helmeti.

Nje ilikuwa nyekundu, inang'aa kama imetoka dukani leo. Nikaigeuza. Sponji ya ndani imelika upande mmoja mpaka unaligusa ganda. Ukanda wa kidevu upo, lakini ile klipu ya kufungia imevunjika, na mahali pake mtu amepitisha uzi wa nailoni, ule wanaoshonea nyavu, akapiga mafundo mawili. Nikauvuta kwa kidole kimoja. Fundo likateleza.

Nikamwambia, "Kaka, hii haifungi. Tupatie nyingine." Macho yako kwenye simu. "Zote ziko nje." Nikamwambia basi tutasubiri moja irudi. Ndipo akainua uso, akasema mbele ya mgeni wangu, ambaye kila neno analisikia: "Helmeti ni ya kuonyesha polisi, mzee. Akishawapita aiweke chini. Mbona unafanya mambo magumu?"

Helmeti ni ya kuonyesha polisi! Mtu anayeishi kwa kukodisha skuta, ambaye kila siku anawakabidhi watu funguo, hivyo ndivyo anavyokielewa kichwa cha mteja wake. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti kwa sababu lami haina huruma na fuvu. Utafiti unaotajwa sana duniani umeonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69 na vifo kwa karibu asilimia 42. Hiyo ni helmeti iliyokaa kichwani. Ikiruka, una kichwa kitupu na kofia nyekundu kando ya barabara.

Nikaomba kuongea na mwenye duka. Hayupo. Nikaomba namba yake. "Atakupigia." Mzee wangu si mtu wa ugomvi. Akaukaza ule uzi mwenyewe, akasema twende, rafiki yake anangoja. Mimi nilikuwa na shughuli Gede, nikachukua boda, nikawa nyuma yake njia nzima.

Tulishauacha uwanja wa ndege, tumepita Msabaha, bado kidogo kufika Gede. Pana mahali miti imeinamia barabara na kivuli kinaanguka kwenye lami kwa madoadoa. Tuta limo humo humo kivulini, halina rangi, halina kibao. Wenyeji tunalijua kwa mazoea. Matatu iliyokuwa mbele yake ikafunga breki ghafla juu ya tuta, mzee naye akabana, skuta ikayumba, ikalala ubavu. Hakuwa na mwendo mkali. Naliandika hili kwa makusudi, kwa sababu baadaye duka lilidai alikuwa anakimbiza. Mimi nilikuwepo. Helmeti ilichomoka kabla kichwa hakijafika chini. Niliiona ikibiringika mpaka kwenye mchanga, uzi unaning'inia. Kichwa kikapiga lami juu ya sikio.

Hospitalini sina malalamiko makubwa. Pale mapokezi walianza habari za kulipa kwanza, nikawakumbusha kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kwamba mtu hanyimwi matibabu ya dharura, na daktari mwenyewe akatoka akasema mgonjwa aingizwe. Akashonwa, akapigwa picha, akalazwa ili aangaliwe. Mungu ni mwema, fuvu halikupasuka.

Nikapiga simu dukani. Nikaeleza kwamba mteja wenu ameanguka, tuko hospitali. Swali la kwanza la yule kijana lilikuwa, "Skuta iko wapi?" La pili, "Imechubuka?" Nikangoja la tatu, nikidhani sasa atauliza mgonjwa anaendeleaje. La tatu likawa, "Funguo unazo wewe?" Mimi nimezaliwa pwani hii. Hapa hata mtu mliyenuniana akijikwaa mbele yako, pole inakutoka mdomoni kabla hujafikiri. Yeye hakuisema mwanzo, hakuisema mwisho. Nilikata simu mikono inatetemeka.

Saa ile ningeandika, ningeandika mstari mmoja tu: msikodi pale, kwa hali yoyote.

Lakini haki ni haki. Alasiri kijana wao wa gereji, yule anayeshinda chini ya pikipiki, alisikia habari akiwa nyuma ya duka. Hakutumwa na mtu. Alikuja na tuktuk aliyoilipa kwa pesa yake, ovaroli imejaa oili, mkononi madafu mawili. Akanivuta kando. "Mjomba, pole sana. Ule uzi niliufunga mimi. Nimeomba klipu mpya mara nyingi, wanasema za nini." Alikuwa analia. Sikujua nimfanye nini. Nilikuwa nimekaa tangu mchana nikimtafuta akilini mtu aliyefunga uzi ule ili nimpe yake, na sasa yuko mbele yangu, na ndiye pekee aliyekuja. Akakaa mpaka usiku. Alimshika mzee mkono kumpeleka msalani, akamwitia muuguzi dripu ilipokwisha. Asubuhi akarudi na mahamri na mbaazi, akaenda zake kazini.

Kwa hiyo kwa siku kadhaa nililegea. Nilijiambia duka lenye mtu kama huyu haliwezi kuwa duka bovu kabisa, labda tatizo ni kaunta tu, labda mwenye duka hajui.

Kisha tukaanza habari za bima, na hapa wageni na wenzangu mnaowasimamia wageni nawaomba mnisikilize. Mzee ana leseni ya gari ya kwao, kundi B. Kule Italia leseni hiyo inamruhusu kuendesha skuta ya 125, na miaka yote aliamini kwamba ruhusa hiyo anasafiri nayo. Hasafiri nayo. Inaishia mpakani mwa nchi yao. Kampuni yake ya bima ya safari ilipoomba nakala ya leseni, jambo la kwanza ililotazama ni kundi A, lile la pikipiki, na kundi A halipo. Sasa wanavutana kwa barua. Mgeni anayetaka pikipiki Kenya ahakikishe leseni yake ina kundi la pikipiki, na kama ana kibali cha kimataifa, muhuri uwe kwenye kundi hilo. Duka lilikuwa na wajibu wa kuiomba leseni ile kabla ya kutoa funguo. Waliomba pesa na nakala ya pasipoti, basi. Hawakumuuliza hata kama amezoea kuendesha upande wa kushoto. Huyu wangu amezoea, lakini msimu huu kila mtu Malindi ameshawahi kukutana na mgeni anayetoka kwenye njia panda upande wa kulia, akikujia uso kwa uso.

Na wanaposema "skuta ina bima", ulizeni bima gani. Ile ya thadi pati ni lazima kisheria, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, lakini inamlinda utakayemgonga. Wewe uliyeshika usukani haikuhusu. Tena ya duka hili nimekiona cheti chake: kimeandikwa matumizi ya binafsi, na skuta inakodishwa kwa pesa kila siku ya Mungu. Angeumia mtu wa kando pale barabarani, kampuni ya bima ingekuwa na sababu tayari ya kukataa kulipa, na mzigo ungemwangukia mzee aliyelala na nyuzi kichwani.

Bado nilikuwa nimelegea, wallahi. Kilichonirudisha ni karatasi waliyomletea mzee alipotoka hospitali. Wamezuia deposit yake yote. Kioo cha pembeni, rangi ya ubavu, siku ambazo skuta haikufanya kazi. Na mstari wa mwisho, kwa kalamu: helmeti moja, imepotea.

Haikupotea. Niliiokota mimi pale mchangani, nikaipeleka kituo cha polisi pamoja na maelezo yangu tulipokwenda kuchukua abstrakti, ile hati ya polisi ya ajali, na uzi wake nikauacha vile vile, haujaguswa. Wakitaka kuiona, wanajua kituo kilipo.

Mkiniuliza kama nitakodi tena pale, sijui. Jana ningesema kamwe. Leo nimepita nikamwona yule kijana wa gereji amechuchumaa mbele ya skuta, anakaza breki ya nyuma, anaijaribu, anaikaza tena, na nimefikiri kwamba kama kuna breki za kuamini mji huu ni hizo. Wageni wangu wakitaka skuta, nitawapeleka siku ambayo yeye yupo, na helmeti tutakwenda nazo sisi. Nimeshanunua mbili Majengo, klipu nimezijaribu moja moja kabla ya kulipa. Ila deposit ya mzee nitaifuata wiki hii, na safari hii siongei na kaunta. Nitakaa pale kwenye benchi mpaka mwenye duka aje.